Mtihani Ambao Haukuuliza Sheria

Wiki iliyopita walikuja kwangu vijana wawili kutoka Kwapa na msichana mmoja wa Mukuju. Waliniuliza swali ambalo wenzenu wamekuwa wakiniuliza kwa miaka mingi: "Mzee, kwenye mtihani wa kuingia chuo cha sheria huwa wanauliza sheria zipi?" Walikuwa wamebeba vitabu vizito. Mmoja alikuwa amefunga chake kwa kamba ya katani kwa sababu jalada lilikuwa limebanduka. Niliwaambia waviweke chini kwanza, wanywe chai. Kisha nikawaambia jambo ambalo nawaambia na nyinyi mnaosoma hapa, msije mkasema baadaye kwamba mlifichwa: mtihani huo mimi niliufanya mara moja, na nilianguka.

Sikuwahi kuwa wakili wala hakimu. Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka thelathini na kidogo, katika mahakama moja ndogo upande wa Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu, nikigeuza Dhopadhola, Kiteso na Kisamia kuwa Kiingereza, na Kiingereza kuwa chochote ambacho mshtakiwa alikielewa. Mara nyingi kilikuwa Kiswahili, hiki chetu cha mpakani ambacho watu wa pwani wakikisikia hushika kichwa.

Watu hudhani mkalimani ni mtu wa kujua lugha nyingi. Lugha ndiyo sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kunyamaza pale ambapo shahidi hakusema kitu.

Hilo nililijifunza kwa aibu, mwaka wangu wa pili kazini. Mama mmoja alikuja kutoa ushahidi katika kesi ya wizi wa kuku. Akasema kwa Dhopadhola kwamba alimwona mshtakiwa mlangoni mwa jirani yake asubuhi. Mimi nikamwambia hakimu alimwona akitoka ndani. Sikukusudia kudanganya. Kijiji kizima kilijua kwamba yule bwana ana mkono mrefu, na mimi nilikijua kijiji hicho, basi ulimi ukaenda wenyewe.

Karani wetu mkuu alikuwa Bwana Pinto, Mgoa aliyekaa Tororo tangu ujana wake na aliyeielewa Dhopadhola kuliko alivyotaka watu wajue. Aliinuka polepole kutoka kwenye kiti chake.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba shahidi aulizwe tena. Mkalimani amemsogeza mtu hatua mbili."

Watu walicheka mpaka askari akapiga meza. Mama aliulizwa tena, akasema mlangoni, si ndani, na alishangaa kwamba kuna mtu aliyesikia vingine. Mshtakiwa aliachiliwa. Baada ya siku chache wale kuku walipatikana Malaba, kwa mtu mwingine kabisa ambaye hakuna aliyekuwa akimfikiria.

Nadhani mngetarajia kwamba baada ya hapo nilikuwa mtu wa kusoma kilichopo na kukiacha kilivyo. Kizimbani, ndiyo. Kwenye mtihani nilisahau kila kitu.

Tangazo la mtihani lilibandikwa kwenye ubao wetu miaka michache baada ya uhuru. Nchi ilitaka wanasheria wake yenyewe na haikuwa nao wa kutosha. Kwa hiyo chuo kilikubali kuwatungia mtihani maalumu watu ambao hawakumaliza sekondari lakini walikuwa wakifanya kazi. Masharti yalikuwa manne: uwe umemaliza shule ya kati, uwe umefanya kazi mahakamani au katika ofisi ya serikali miaka mitano, uwe na barua ya mkubwa wako wa kazi, na usiwe umepita miaka thelathini na tano.

Rafiki yangu Wandera alikuwa na thelathini na nne na miezi michache. Alikuwa karani wa mahakama upande wa Busia, mzaliwa wa Buhehe, mtu mrefu, mtulivu, mwenye mwandiko ambao mahakimu waliutolea mfano. Tulianza kazi mwezi mmoja. Wakati tangazo linatoka, alikuwa ameshapewa barua ya kumpandisha cheo awe karani mkuu huko Mbale, lakini ilimtaka aripoti mwezi ule ule wa mtihani. Alikuja Tororo kwa baiskeli kuniuliza.

"Ochwo, nifanye nini? Niende Mbale au nikae nifanye mtihani?"

"Kwani sisi hatuijui sheria?" nikamjibu. "Tumekaa mahakamani miaka tisa. Hao watoto wa sekondari wanajua nini? Mtihani huu umetungwa kwa ajili yetu. Baki, nitakusomesha."

Nilisema vile kwa sababu nilikuwa na sifa moja niliyojivunia: nilikuwa nimezikariri ibara za sheria ya makosa ya jinai kwa mamia, namba na maneno yake. Hakimu akisahau, alinigeukia mimi. Wandera aliniamini. Aliandika barua ya kuikataa Mbale, akaipiga muhuri mwenyewe, akaituma.

Miezi mitano tulikutana kila Jumamosi mchana kwenye kibanda cha chai cha Mama Auma pale Busia, karibu na barabara ambapo watu walivuka kwa miguu na vikapu vya samaki, sabuni na vitenge, wengine wakienda Kenya na wengine wakirudi. Mimi nilitaja namba, Wandera alitaja ibara. Mia mbili na tano! Mia mbili hamsini na nane! Alikuwa akifumba macho anapokumbuka. Mama Auma alituangalia Jumamosi tatu nzima kabla hajauliza.

"Nyinyi dini yenu ni gani? Mbona kila siku nasikia hesabu, Mungu sisikii?"

Siku ya mtihani tulikuwa watu kama ishirini katika ukumbi wa kanisa mjini Tororo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Hapa nawaeleza kwa Kiswahili, lakini mjue kwamba mitego mingi ilikuwa ndani ya maneno madogo ya Kiingereza ambayo hata mtoto wa darasa la nne anayajua.

Muda saa tatu, sehemu tatu, alama sawasawa. Sehemu ya kwanza ilikuwa habari ndefu ya kurasa mbili kuhusu kivuko cha mto na watu waliogombea kukiendesha. Ulitakiwa kuifupisha kwa idadi ya maneno waliyoitaja, kisha ujibu maswali. Sehemu ya pili ndiyo nitakayowasimulia vizuri. Sehemu ya tatu ilikuwa insha: unapewa jambo lenye ubishi, unalitetea, halafu unageuka na kulipinga, kwa nguvu ile ile. Waliofaulu waliitwa baadaye kwenye usaili mbele ya watu watatu.

Sehemu ya pili iliandikwa hivi, kama ninavyokumbuka. Juu kulikuwa na kanuni: *Mtu atakayeingiza mnyama sokoni, na mnyama huyo akaharibu bidhaa ya mtu mwingine, atamfidia mwenye bidhaa, isipokuwa kama mnyama alishtushwa na mtu wa tatu.* Chini yake kulikuwa na kisa. Bwana mmoja ameingiza mbuzi sokoni. Mwenye duka la vyungu anafika kwa baiskeli, anapiga kengele ili apishwe, mbuzi anaruka, anavunja vyungu vya huyo huyo mwenye baiskeli. Je, mwenye mbuzi atafidia? Na mstari wa mwisho, kwa herufi zilizokolezwa: *Tumia kanuni iliyo hapo juu tu.*

Nilitabasamu. Nikachovya kalamu. Nikaandika ibara za uzembe, nikaandika mila za Jopadhola, watu wetu, kuhusu mifugo, nikaandika hukumu ya hakimu mmoja juu ya ng'ombe aliyekula muhogo. Niliomba karatasi za ziada mara mbili. Meza mbili mbele yangu nilimwona Wandera naye ameinua mkono kuomba karatasi za ziada, nikafurahi moyoni kwamba mwanafunzi wangu amejaa. Mle ukumbini kulikuwa na vijana walioandika nusu ukurasa wakaweka kalamu chini. Niliwaonea huruma.

Insha sikuimaliza. Muda uliisha nikiwa bado upande wa kutetea.

Majibu yalikuja baada ya miezi miwili. Barua yangu ilikuwa mistari miwili tu, ya kusikitika. Siku iliyofuata Wandera aliingia uani mwa mahakama yetu akisukuma baiskeli, vumbi la barabara ya Busia limemfika magotini. Aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa barua yake, akanipa niisome ingawa nilikuwa najua imesema nini.

"Mwezi ujao natimiza thelathini na tano," akasema. "Mwakani nitakuwa nimepita."

"Najua."

"Mbale wamempa mtu mwingine."

Niliitazama tena barua iliyokuwa mkononi mwangu.

"Ochwo, ulinisomesha vizuri sana," akasema. Hakuwa na hasira usoni, afadhali angekuwa nayo. "Ulinisomesha mtihani ambao haupo."

Alichukua barua yake, akaikunja mara nne, akaondoka. Tokea siku hiyo, tukikutana kikazi alinisemesha Kiingereza, na aliniita Bwana Mkalimani.

Bwana Pinto aliyaona yote kutoka dirishani. Kesho yake alinikuta nimekaa na sheria ya jinai mezani, nikitafuta nilipokosea.

"Unatafuta nini humo?" akauliza.

"Ibara niliyoikosa, Bwana Pinto."

"Nani alikuambia walitaka ibara? Kama ungekuwa unaijua sheria tayari, chuoni ungekwenda kufanya nini? Kula?" Akakifunga kitabu kwa kidole kimoja. "Wanataka kujua kama unaweza kusoma."

Nikakasirika. Nilimwambia nasoma lugha tano. Akanitazama tu, akarudi kwenye meza yake.

Aliyekuwa akisikiliza ni Taaka. Taaka alikuwa mpiga taipu wetu, binti wa Buhehe, mdogo wake Wandera baba mmoja mama mmoja. Alikuwa na kazi ya kunakili hukumu, na sifa yake ilikuwa kwamba hakimu akiandika neno kwa kukosea, Taaka alilipiga lilivyo, kisha akaweka alama ya penseli pembeni. Hakulisahihisha kamwe. Wengine walimwona mbishi. Bwana Pinto alimwita dhahabu.

"Kaka Ochwo," akaniambia huku bado anapiga taipu, "lile swali la mbuzi lilisemaje, neno kwa neno?"

Nikamtajia nilivyolikumbuka. Akasimamisha vidole.

"Mtu wa tatu ni nani?"

"Mwenye baiskeli."

"Hapana. Hesabu. Mwenye mbuzi ni wa kwanza. Mwenye vyungu ni wa pili. Mwenye baiskeli ndiye mwenye vyungu, kwa hiyo ni yule yule wa pili. Mtu wa tatu hayupo. Basi 'isipokuwa' haifanyi kazi, na mwenye mbuzi atafidia." Akafikiri kidogo. "Si haki, lakini ndivyo walivyoandika. Ningesema hivyo, halafu ningeongeza mstari mmoja kwamba aliyeandika kanuni hakumfikiria mtu anayejiharibia mwenyewe."

Ilikuwa mistari minne. Mimi nilikuwa nimeandika kurasa sita.

Kisha Taaka akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi: mwakani atakuwa ametimiza miaka mitano ya kazi, na anataka kufanya mtihani. Lakini anahitaji kulijua umbo lake, na watu wawili tu aliowajua ndio waliokuwa wameuona. "Wewe ni mmoja," akasema. "Wa pili hasemi nawe. Na mimi nikianza kusoma nawe, ataona nimehama upande. Nenda wewe ukazungumze naye."

Jumapili baada ya ibada niliendesha baiskeli mpaka Buhehe. Wandera alikuwa nyuma ya nyumba akirekebisha uzio. Hakusimama. Nilimweleza nilichokuja kuomba: anisaidie kukumbuka karatasi ile nzima, kila swali, kila neno, ili tuiandike upya kwa ajili ya Taaka. Alifunga kamba ya kwanza, akafunga ya pili. Nikaona ameamua kutonijibu, nikageuza baiskeli.

"Habari ya kivuko ilikuwa na aya saba," akasema mgongoni kwangu. "Ya tano ndiyo waliyoiulizia. Ya tano ilikuwa inapingana na ya pili, na hakuna aliyeona." Kisha akageuka. "Ila usimpe dada yangu yale uliyonipa mimi."

Hivyo ndivyo tulivyoupata mtihani. Kumbukumbu yangu ilitoa kanuni, yake ikatoa habari ya kivuko na maneno ya insha, na Taaka akaipiga taipu karatasi yote. Tulipoiona imekaa mezani, safi, kurasa tano, hata neno moja la sheria ya nchi halikuwamo. Mtu aliyekulia mlimani asiyewahi kuiona mahakama angeweza kuijibu yote.

Tukarudi kwa Mama Auma kila Jumamosi. Safari hii hatukukariri. Mimi nilitunga kanuni za uongo na visa vya uongo kutokana na mambo tuliyoyaona pale pale barabarani, na Taaka alijibu. Wandera hakukaa nasi. Alikaa benchi la pili, ametupa mgongo, anakunywa chai yake kama mtu aliyepita njia.

Nawapeni tuliyoyaona, mfanye nayo mnavyotaka. Swali lisomwe kabla ya kisa, kwa sababu ukisoma kisa kwanza utaanza kumpenda mtu mmoja na kumchukia mwingine, na ukifika kwenye swali tayari umeshahukumu. Watu wapewe namba. Maneno madogo yapigiwe mstari: *na*, *au*, *isipokuwa*, *lazima*, *anaweza*. Siku moja niliandika kanuni kwamba muuzaji atanyang'anywa kibanda *akifungua kabla ya kengele ya soko na bila kibali*. Kisha nikaandika kisa cha mama aliyefungua kabla ya kengele, lakini kibali anacho.

"Hanyang'anywi," akasema Taaka. "Wameandika *na*. Lazima makosa yote mawili yawepo. Yeye ana moja."

Mama Auma alikuwa amesimama na birika mkononi. "Ngoja, ngoja. Hiyo sheria imetoka wapi? Mimi nafungua saa kumi na moja kila siku!"

"Ni ya kutunga, Mama Auma," nikamwambia.

"Wewe unatunga sheria na mimi niko hapa? Tunga ya watu wa samaki!"

Jibu litangulie, sababu zifuate. Mtahini ana karatasi nyingi na hataki kusafiri nawe ukurasa mzima ndipo ajue unakwenda wapi. Baada ya sababu zako, andika ambalo mpinzani wako angelisema, ulijibu kwa heshima, unyamaze. Saa ya kwanza ikiisha, hama sehemu ya kwanza hata kama sentensi iko katikati, kwa maana insha isiyoandikwa haina alama hata moja, na mimi ni shahidi wa hilo. Na muhtasari usiwe na maoni yako. Taaka alifaulu yote haya upesi, isipokuwa insha. Hakuweza kutetea asichokiamini. Tulimpa ubishi huu: mpaka ufungwe kwa watu wa kutembea kwa miguu. Upande wa kupinga aliandika kurasa mbili kwa dakika ishirini. Upande wa kutetea aliandika mistari mitatu akaweka kalamu.

"Siwezi," akasema. "Ni upuuzi. Nusu ya ukoo wetu uko ng'ambo."

Ndipo benchi la pili liliposema. Wandera hakugeuka. "Ofisa wa forodha ana watoto wanne," akasema. "Kila gunia la kahawa linalopita njia za panya, yeye ndiye anayeulizwa. Amelala na wasiwasi miaka mitatu. Mwandikie yeye. Usiuandikie mpaka."

Taaka alimtazama mgongo wake kwa muda, kisha akachukua kalamu. Alipomaliza, kulikuwa na kurasa mbili na robo, na nilipozisoma nilikaribia kukubali kwamba mpaka ufungwe. Wandera alihamia benchi letu Jumamosi iliyofuata. Nikagundua jambo lililoniuma kuliko barua zote mbili: kati yetu watatu, yeye ndiye aliyekuwa na kichwa hasa cha mtihani ule. Aliona mitego kabla sijamaliza kusoma. Kama angeingia ukumbini bila mimi kumjaza ibara, angepita.

Sikumwambia. Nadhani alikuwa anajua.

Taaka alifanya mtihani katika ukumbi ule ule. Hakuomba karatasi ya ziada. Aliitwa kwenye usaili, na hilo hatukuwa tumemtayarisha nalo, kwa kuwa sisi hatukuwa tumefika huko. Alivyotusimulia, watu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu. Wa kwanza alimuuliza kuhusu kazi ya kupiga taipu, wa pili akamuuliza kitu kuhusu magazeti, na wa tatu, bwana mzee mwenye miwani, akauliza: "Binti, ukiolewa mwaka wa pili, chuo kitakuwa kimeipoteza nafasi hii. Unatuhakikishiaje?"

"Bwana," Taaka akajibu, "tangazo lilikuwa na masharti manne. Nimeyasoma. Ndoa haimo."

Alisema alifikiri amejifukuza mwenyewe. Kisha yule wa katikati akalivuta tangazo lililokuwa mezani, akalisoma taratibu juu hadi chini, akamsogezea yule mzee.

"Haimo," akasema.

Barua ya kukubaliwa ilifika kwa anwani ya mahakama yetu. Taaka aliifungua kwa kisu cha karatasi, akaisoma mara mbili, akaipitisha kwa Bwana Pinto, ambaye alitoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma barua, kisha akairudisha miwani mfukoni. Baadaye alikwenda dirishani akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida yake.

Tulimsindikiza kituo cha treni cha Tororo, mimi na Wandera na mama yao. Sanduku lake lilikuwa jepesi, kikapu cha karanga na muhogo mkavu ndicho kilichokuwa kizito. Mama alilia, Taaka hakulia, na treni ilipoondoka Wandera alipanda baiskeli yake mara moja kama aliyechelewa kazini. Kisha akasimama, mguu mmoja chini.

"Kuna mwalimu wa Mukuju anataka mtihani wa mwakani," akaniambia, kwa Kiswahili. "Nimemwambia aje Jumamosi."

Tulifanya kazi hiyo pamoja miaka mingi. Wengi mnaowaona wamevaa majoho katika wilaya hizi mbili, Tororo na Busia, walipita kwenye lile benchi, ingawa Taaka ndiye aliyefika mbali zaidi na mwishowe akawa hakimu. Mitihani yenyewe imebadilika. Siku hizi naambiwa kuna maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne na mashine inasahihisha. Nimeonyeshwa machache. Mitego ni ile ile, imefupishwa tu.

Mimi sikuurudia mtihani, ingawa umri ulikuwa unaniruhusu. Mke wangu aliniuliza mara moja kwa nini, nikamwambia naipenda kazi yangu. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa yote. Sikuona ningepitaje mbele ya Wandera nikienda mahali ambapo yeye, kwa neno langu, asingefika.

Na kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Miaka yote ile ya Jumamosi, ya kucheka na Mama Auma, ya kusahihisha karatasi za watu, sikuwahi kumwomba msamaha. Kila nilipotaka, kulikuwa na mwanafunzi, au mvua, au tulikuwa na furaha na sikutaka kuiharibu. Nilikwenda Buhehe kumwomba alipokuwa amestaafu, miguu inamsumbua, amekaa kibarazani na sinia la karanga mapajani akizimenya. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Tororo. Nikayasema yote: Mbale, ibara, karatasi za ziada, jinsi nilivyomwona ameinua mkono nikafurahi. Nikasema nilikosea, na kosa lilimpata yeye, na namwomba anisamehe.

Aliendelea kumenya. Akafika karibu kumaliza fungu lililokuwa mbele yake.

"Mwaka ule ungeniomba, ningekukatalia," akasema. "Na mwaka uliofuata pia. Baadaye nikawa nangoja tu uniombe, nikaona huji."

"Nisamehe na kwa hilo."

Alinitazama, macho yake yamefanya ukungu kidogo kwa uzee. Kisha akaligawa sinia kwa mkono, akasukuma nusu ya karanga upande wangu, akasogea ili nipate nafasi ya kukaa.